Mpaka Watolewe

Elko, Nevada
22 Novemba 1987

Dada Lorene,

Pokea salamu zangu, na Baba mfikishie zake kwa sauti kubwa, maana najua lile sikio la kushoto limekwisha. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo huu haujawahi kuwa na kazi nyingine. Tunachimba dhahabu isiyoonekana kwa macho. Unaponda mlima mzima, mwisho unapata ya kujaza kofia. Mwambie Baba, atacheka. Yeye alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, lakini angalau alikiona alichokichimba.

Nakaa kwenye kibanda cha magurudumu na mtu wa Indiana, Wendell Pruitt. Anakoroma ila anajua kupika. Tatizo ni kwamba mtu wa Indiana akianza kuongea mpira wa kikapu, utadhani kikapu cha kwanza alikitundika babu yake. Nilipomwambia timu yangu ni Chuo cha Laurel Fork akaniuliza, "Hicho ni chuo au kituo cha mafuta?"

Nipe habari za kocha mpya. Bado sijameza kwamba walimfukuza Estill Combs baada ya miaka ishirini na minne, tena kwa barua, kama mpangaji.

Sasa neno langu lenyewe. Mwezi wa Machi nina likizo ya wiki mbili na ningependa nije nikae na Baba. Lakini sijasahau alichoniambia mwaka huu kwenye mashindano ya Machi. Nilikuwepo, tukafungwa kwa mtupo wa kutoka katikati ya uwanja, imebaki sekunde moja. Mwaka 79 nilikuwepo, tukafungwa. Mwaka 82 vilevile. Mwaka 84 nilikuwa Texas, tukachukua ubingwa wa kanda. Baba akanishika bega akasema, "Denver, wewe mwanangu na nakupenda, ila una nuksi. Machi usikanyage hapa mpaka watolewe." Watu walicheka. Yeye hakucheka sana. Muulize kama bado anasimama kwenye neno hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Denver


Laurel Fork, Kentucky
9 Desemba 1987

Mdogo wangu Denver,

Barua imefika na tumeisoma mara mbili, ya pili kwa kupiga kelele. Mimi sijambo. Pale jikoni mwa shule wamenipandisha cheo, maana yake sasa funguo za kufunga mlango ninazo mimi. Simu yetu bado imekufa tangu mti ulipoanguka juu ya nyaya. Ukiwa na la haraka piga kwa jirani, Mama Opal, lakini ujue atalisikia yeye, kisha kanisa zima, kisha mimi.

Kocha mpya anaitwa Rusk, ametoka Ohio, na anavaa viatu vyeupe. Baba amemwangalia michezo minne akatoa hukumu: "Mwanaume wa viatu vyeupe kuna kitu anakitafuta, na hakipo hapa." Vijana wanatupa kutoka mbali kila wakipata nafasi, kwa ajili ya hii sheria ya pointi tatu. Baba anasema huo ni uvivu uliopewa zawadi. Lakini wanashinda, Denver. Michezo sita, na kufungwa mmoja tu.

Utashangaa nani anakuja kuangalia na sisi. Estill Combs. Siku ya mchezo anatokea na kofia yake, anavuta kiti cha jikoni, anakaa akiwatazama vijana aliowatafuta yeye mwenyewe wakishinda kwa mtu mwingine. Watu mjini hawajui wamwambie nini. Baba anajua. "Kaa chini, Estill, na ufunge mdomo, redio inaongea." Bado tunazima sauti ya televisheni na kumfungulia mtangazaji wetu wa redio, ingawa siku hizi redio inatangulia picha kidogo na Baba anashangilia kabla mpira haujaingia.

Tumeshusha kitanda cha Baba sebuleni. Anasema ni kwa ajili ya televisheni.

Nilimuuliza ulichoniagiza. Akasema, "Neno langu ni lile lile."

Dada yako,
Lorene


Elko
3 Januari 1988

Dada Lorene,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Baba. Krismasi tulifanya kazi. Wendell alioka mkate wa mahindi ili kunifurahisha, akautia sukari. Nilimwambia kwetu mtu anaweza kufukuzwa kanisani kwa hilo. Akajibu, "Ndiyo maana makanisa yenu yako matupu." Yeye ndiye rafiki yangu huku, kwa hiyo unaweza kujua hali yangu.

Nimeisoma tena barua yako. Mambo ya kitanda umeyaweka mwisho, mstari mmoja, kama mtu anayepita haraka mbele ya mbwa. Baba alipanda ngazi zile na mguu uliovunjika, mwaka ule nguzo ya mgodi ilipomwangukia. Hajawahi kulala sebuleni hata siku moja. Nieleze.

Denver


Laurel Fork
2 Februari 1988

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimeitia jikoni kwenye moto.

Sisi wengine wazima. Vijana wameshinda michezo kumi na mitano na kufungwa minne. Mjini wameanza kumwita Rusk "Kocha" bila kutaja jina, kama walivyokuwa wakimwita Estill.

Haya. Baba hapandi ngazi kwa sababu hawezi, na hatazipanda tena. Vumbi la makaa limekula mapafu yote mawili. Ana mtungi wa oksijeni kando ya kitanda na bomba puani, na nguo zake mimi nazikaza kwa pini. Daktari anasema labda afike majira ya joto. Nilipomwambia Baba nitakuandikia uje, alinikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usimwite."

"Baba, huyu ni mwanao."

"Ni mwanangu na ana nuksi. Lorene, hii ndiyo timu. Miaka yote nimeingoja hii. Mwache akae hukohuko mpaka watolewe, kisha aje, tukae, nimsimulie kila kitu."

Estill alikuwepo. Alivua kofia, akaivaa tena.

Nimekuambia ukweli. Wewe ni mtu mzima, amua.

Lorene


Elko
21 Februari 1988

Dada Lorene,

Nimepata barua yako, na ahsante kwa kutoichoma hii ya nne. Salamu zako nimezipokea. Huku barafu imepasua mabomba na tunaoga kwa ndoo.

Nimefikiri siku nyingi kwa mtu aliyeishia darasa la tisa. Nikija sasa nitaketi pale, na kila kijana atakapokosa kikapu Baba atanigeukia. Ataniangalia tu, halafu ataona aibu kwa kuniangalia. Kama hii ndiyo Machi yake ya mwisho sitaki niwe mimi niliyeiharibu.

Tena tuseme kweli. Laurel Fork huwa wanatolewa kwenye nusu fainali ya kanda, wiki ya kwanza ya Machi. Huwa wanatolewa, Lorene. Likizo yangu inaanza tarehe 12. Wakishafungwa tu, napanda basi. Daktari amesema majira ya joto. Muda upo.

Wendell anasema sisi wote ni wendawazimu. Lakini soksi zake za kijani alizovaa mwaka 76, timu yake ilipochukua ubingwa, hajazifua mpaka leo, kwa hiyo sijamjibu.

Denver


Laurel Fork
8 Machi 1988

Denver mdogo wangu,

Hatujambo, na sauti sina. Wamechukua ubingwa wa kanda! Wanakwenda mashindano ya taifa, kati ya timu sitini na nne, Laurel Fork yetu ambayo ukumbi wake unavuja. Watu walipiga honi za magari mpaka mbwa wakakimbilia mlimani. Mchungaji aliwaruhusu watu kupiga makofi kanisani, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe.

Baba alilia. Alijaribu kupiga kelele pumzi ikakata, nikamwekea bomba sawa. Alipoweza kusema alisema, "Unaona? Unaona? Kijana yuko Nevada anatufanyia kazi." Anamwambia kila anayeingia kwamba wewe ndiye mchezaji wa sita. Nilitaka ujue hilo, maana alilisema kwa majivuno, si kwa mzaha.

Estill alipeana naye mkono, kisha akaenda kusimama barazani peke yake muda mrefu.

Baba anakula kijiko kimoja kimoja.

Lorene


Elko
19 Machi 1988

Dada Lorene,

Salamu. Likizo yangu imeanza na niko hapahapa, nafagia kibanda. Jana tuliwafunga wale wakubwa wa mashariki kwa pointi mbili! Gazeti la huku limetuandika. Wendell aliangalia na mimi dakika arobaini zote bila kutukana mtu, na mwisho akasema, "Basi, nakubali ni chuo."

Nilifurahi. Halafu nikakaa kitandani nikagundua nilikuwa naomba wafungwe. Nilianza kuomba hivyo kipindi cha pili, kimoyomoyo, ili niweze kuja. Sijawahi kufanya hivyo maisha yangu yote.

Kesho wanacheza tena. Wewe uko pale, unamwona. Nijibu waziwazi, au piga simu ofisi ya mgodi, namba iko nyuma ya bahasha kama siku zote. Nije?

Denver


Laurel Fork
21 Machi 1988

Mdogo wangu,

Salamu. Wameshinda tena, kama ulivyosikia. Sasa zimebaki timu kumi na sita. Mchezo ni Ijumaa.

Barua yako nyingine haijafika, kama uliandika. Baba yupo. Leo amelala vizuri mchana. Subiri tu Ijumaa ipite.

Lorene


Elko
10 Aprili 1988

Dada Lorene,

Nimefika salama na nimerudi kazini. Pokea salamu, na uzifikishe kwa Mama Opal aliyeleta chakula cha msiba wote ule na bado sufuria zake zimebaki kwako.

Siku tatu tulikaa nyumba moja na hatukuzungumza, mimi na wewe. Tulizungumza viti, nyama ya nguruwe, nani alale wapi. Kwa hiyo naandika.

Simu ilifika ofisini Alhamisi jioni. Gari langu unalijua. Wendell aliwasha la kwake akasema, "Indiana iko njiani," na tukaendesha kwa zamu. Ijumaa tulikuwa katikati ya Nebraska, jua bado liko juu ya mashamba, redio ikaupata mchezo. Walifungwa kwa pointi kumi na tisa. Haikuwa mechi. Mimi nilikuwa Nebraska, sikuwa sebuleni, na Baba alikuwa ameshakufa, na walifungwa kama watoto. Wendell alinyoosha mkono akazima redio dakika sita kabla ya mwisho. Mtu wa Indiana.

Na kaburini ulisikia? Mchungaji anatamka wimbo mstari kwa mstari, watu wakiitikia, na nyuma yangu wanaume wawili wananong'ona, "Ameonekana uwanja wa ndege na mkewe." "Nani?" "Rusk. Amepata chuo kikubwa Florida." Mmoja akaanza kulia. Nilidhani analia kwa ajili ya Baba. Nilitaka kumpiga, kisha nikafikiri Baba mwenyewe angegeuka kwenye jeneza aulize, "Ameondoka? Si niliwaambia kuhusu viatu?"

Niliporudi nilikuta barua yako ya tarehe 21 kwenye sanduku. Lorene, hujawahi kuniandikia barua fupi namna hii. Nimeiangalia kila siku. Jumatatu ile kulikuwa na nini?

Denver


Laurel Fork
1 Mei 1988

Mdogo wangu Denver,

Salamu. Sufuria za Mama Opal nimezirudisha. Simu wameunganisha wiki iliyopita, sasa ambapo hakuna wa kupigiwa. Chuo wamemwomba Estill arudi kushika timu mwaka mmoja wakati wanatafuta mtu. Amekataa.

Umeniuliza, na mimi nilijua utauliza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa namwosha Baba. Jana yake tulikuwa tumeshinda na mji mzima ulikuwa haujalala. Estill alikuja mapema kumletea gazeti. Baba hakulitaka. Alinitazama, macho safi kabisa, akasema, "Mwite Denver."

Nikasema, "Baba, wanacheza Ijumaa."

Akasema, "Najua wanacheza lini. Mwite aje. Wacha wafungwe."

Nilidhani ni homa. Hapana, nasema uongo. Nilijua si homa. Nilikwenda jikoni na Estill akanifuata. Akaniambia, "Lorene, vuka barabara ukapige simu."

Nikamwambia siku nne tu. Nikamwambia ukianza safari leo wakafungwa Ijumaa, Baba atakufa akijua ni yeye aliyewafungisha. Nilijipangia maneno mengi.

Estill akasema, "Nimefundisha miaka ishirini na minne. Nimefungwa na warefu, nimefungwa na wenye mbio, nimefungwa na refa mlevi. Sijawahi kufungwa na mtu aliyekaa kwenye sofa. Mpigie kijana."

Sikupiga. Niliketi nikakuandikia ile barua, nikijua ingefika baada ya Ijumaa. Jioni Baba aliuliza, "Umempata?" Nikasema uko njiani. Jumanne aliuliza. Jumatano aliuliza. Alhamisi hakuuliza, na saa tisa alasiri alikata roho, uso umeelekea mlangoni.

Nilitaka washinde, Denver. Ndiyo hiyo. Nimepika chakula cha watoto wa watu miaka kumi na tisa, sijawahi kuwa sehemu ya kitu chochote, na wiki ile nilikuwa. Watu walisimama dirishani kwetu kutazama. Sikutaka kuwa mimi niliyevunja.

Sikuombi kitu.

Lorene


Elko
15 Mei 1988

Dada Lorene,

Salamu zangu kwako. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ilinikuta Jumanne na sikwenda kazini Jumatano, mara ya kwanza tangu nianze hapa. Wendell aliwaambia ninaharisha. Kwanza nilikukasirikia sana, na niliandika kurasa mbili ambazo hutaziona. Kisha imebidi nikuambie hili, maana si haki ubebe peke yako.

Jumatatu ileile nilikuwa kituo cha basi Elko. Nilifungasha asubuhi, sikusubiri jibu lako. Nilikuwa na tiketi mkononi na begi miguuni. Basi la saa sita lilikuja, watu wakapanda. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa na gazeti, akamwambia mkewe, "Hebu ona hiki chuo kidogo cha Kentucky, huenda wakafika mwisho." Nilijaa kiburi. Nikasema, mimi nikipanda hapa nitawavunjia. Nikabeba begi nikarudi kibandani. Dereva alinipigia honi.

Nimeuliza. Basi lile lilifika kwetu Alhamisi saa moja asubuhi.

Kwa hiyo wewe hukuniita, na mimi sikuhitaji kuitwa, nikarudi. Sijui nani amemkosea nani. Sijui kama nimekusamehe. Nikisema nimekusamehe utajua naongopa, unanijua. Siku nyingine nikiamka nimekusamehe na jioni sijakusamehe. Nadhani itakuwa hivyo muda mrefu.

Lakini kuna kitu nakizungusha kichwani humu shimoni tangu Jumanne. Baba aliikosa harusi yako kwa sababu ya nusu fainali. Mama alipokuwa na uchungu wa kunizaa mimi, Baba alikuwa ndani ya gari nje ya hospitali akisikiliza mchezo redioni. Miaka yote aliingoja timu moja, na ilikuja, na ilikuwa mikononi mwake, siku nne tu zimebaki. Akasema wacha wafungwe. Alikuwa anaamini kabisa kwamba mimi nikiingia mlangoni watafungwa, hakuwa na shaka hata kidogo, na bado alisema niingie.

Hakuna mtu aliyewahi kunitaka hivyo. Ungeweza kunificha maneno hayo maisha yako yote na nisingejua. Hilo nakushukuru, na hilo halibadiliki asubuhi wala jioni.

Nimeomba ruhusa mwezi wa Julai. Hakuna mchezo wowote Julai. Nakuja kukuona wewe.

Denver